Mlezi wa Dini kwa Wanafunzi wa Udaktari Ifakara

Somo hili ni juu ya jambo ambalo watu wa pwani hulikumbuka siku moja tu, siku ya kumsindikiza kijana kituoni, kisha likasahauliwa. Mzee wa Tanga, au wa Bagamoyo, au wa Kilwa, hupata khabari kwamba mtoto wake amefaulu mtihani na ameitwa Ifakara kusoma udaktari. Hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Huweka rehani minazi yake, humnunulia kijana godoro na ndoo, humpa nauli, humuusia maneno mawili matatu juu ya sala, humwombea dua. Kisha hurudi nyumbani kwake moyo umetulia, kana kwamba haki zote za mtoto zimekwisha tekelezwa. Lakini suala moja hakuliuliza: huko aendako, ni nani atakayemtazama katika dini yake kwa muda wa miaka mitano?

Kwanza ijulikane hiyo Ifakara ni mahali gani. Ni mji ulio katika bonde la mto Kilombero, katika mkoa wa Morogoro. Upande mmoja yasimama milima ya Udzungwa, na upande wa pili, ng'ambo ya mto, ni milima ya Mahenge. Katikati ni uwanda wa majani na mashamba ya mpunga, na mchele wake watu wa Dar es Salaam waujua kwa jina lake sokoni. Masika yakizidi, maji ya mto huenea hata mashambani na majumbani. Wenyeji wake ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga, na Wabena, na pamoja nao watu wa kila kabila waliofuata kilimo au waliokuja na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976. Waislamu si wageni huko. Wambunga wengi ni Waislamu, na adhana yasikika mjini kama isikiwavyo katika miji mingine. Basi na asidhani mtu wa pwani kwamba amempeleka mwanawe mahali pasipojua kibla.

Lakini hospitali kubwa ya mji huo, iitwayo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, asili yake ni kazi ya mapadri wa Kikapuchini waliotoka Uswisi, na masista wao. Kando ya kazi hiyo, mwaka 1957, Mswisi mmoja jina lake Rudolf Geigy, wa mji wa Basel, alifungua huko maabara ya kuchunguza maradhi, nayo ndiyo asili ya Taasisi ya Afya Ifakara ambayo khabari zake za malaria na vyandarua vyenye dawa zimeenea ulimwenguni. Na mwaka 2010 kilianzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko cha Sayansi za Afya, nacho ni chuo cha Kanisa Katoliki. Huko ndiko aendako kijana. Atasoma kwa miaka mitano, kisha atumikie mwaka mmoja hospitalini chini ya waliomtangulia, ndipo aachiwe kutibu watu peke yake.

Zamani mzazi wa pwani aliposikia jina la misheni alimficha mtoto wake. Nayo hofu hiyo haikuwa ya kijinga, kwani shule nyingi za wakati wa wakoloni zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mtoto mdogo aliyeingia humo aliweza kutoka na jina jipya. Illa dawa iliyotumika, ya kukaa mbali na ilimu yote, ilileta ugonjwa mwingine. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliyasema haya waziwazi katika gazeti lake la Al-Islah alilolianza mwaka 1932: kwamba Waislamu wa pwani wamebaki nyuma ya wenzao, na kwamba kuilinda dini si kuacha kusoma. Leo jambo limegeuka. Anayekwenda Ifakara si mtoto mdogo, ni mtu mzima mwenye ndevu, aliyechaguliwa kwa alama zake za masomo, wala hapana atakayemshika mkono ampeleke kubatizwa. Hatari yake imekaa mahali pengine. Atakosa sala ya adhuhuri siku ya kwanza kwa sababu alikuwa wodini. Siku ya pili ataikosa kwa sababu aliikosa jana. Atajiambia kwamba dini haina mlango kwa mtu mwenye kazi kama yake, na kwa kuwa hapana mtu aliye karibu wa kumwonyesha mlango ulipo, atasadiki maneno yake mwenyewe. Mtu huyo hatangazi kwamba ameritadi, wala hakuritadi. Ameachwa peke yake tu.

Huyo mtu wa kumwonyesha mlango ndiye aitwaye hapa mlezi wa dini. Wengine humwita imamu wa chuo, lakini uimamu ni sehemu ndogo ya kazi yake. Katika nchi za ng'ambo kazi hii imekuwa na mshahara na ofisi. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Georgetown kilichoko Washington, Marekani, ambacho ni chuo cha Wakatoliki wa shirika la Wajesuti, kilimwandika Imamu Yahya Hendi kuwa mlezi wa wanafunzi wake Waislamu kwa kazi ya siku zote. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila atakayekwenda kuzungumza na wakubwa wa chuo cha Kikatoliki popote pale, kwani aombapo hatakuwa aomba kitu ambacho Wakatoliki wenyewe hawajapata kukikubali. Katika vyuo vingi vya Tanzania desturi ni kwamba wanafunzi humchagua mmoja wao awe amiri, naye husalisha, hutoa mawaidha, hukusanya michango. Ni desturi njema. Lakini amiri naye ana mitihani yake, naye ni wa umri ule ule wa wenzake, na akishaijua kazi huwa amekwisha maliza masomo, akaenda zake. Yahitajiwa mtu mwingine mwenye ilimu ya fikihi, anayekaa mjini na kubaki hapo, ambaye amiri wa mwaka huu na wa mwaka ujao watamkuta pale pale.

Na aanze na mambo ambayo watu huyadharau. Watu wa Ifakara wenye kutazama saa za sala zilizopigwa chapa Dar es Salaam, au kufuturu kwa adhana ya redio itokayo Dar es Salaam, hutangulia wakati. Ifakara iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya digrii mbili na nusu, na kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Ifakara lachelewa kutua kwa dakika kama 10. Mwezi wa Disemba huzidi hata dakika 12 au 13, na mwezi wa Juni hupungua hata 8. Mwenye kufuturu kwa redio amekula mchana, na akijua hilo baadaye hana budi kuilipa siku yake. Na kibla cha Ifakara ni karibu kaskazini sawasawa, kwa kuinamia mashariki kidogo, kiasi cha digrii 6. Kijana wa pwani akipewa chumba kipya hutafuta jua linapotua, akakisia, akakosea. Mlezi akimchorea alama ukutani siku ya kwanza, amemfaa kwa miaka mitano.

Jambo la pili ni la safari. Vijana wengi huambiana kwamba wao ni wasafiri kwa kuwa kwao ni Pangani au Lindi, basi wakapunguza sala muhula mzima. Hivyo sivyo katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo wayafuatayo watu wa pwani. Mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkaazi, na safari yake imekatika. Mwanafunzi amenuia kukaa miezi. Atasali nne kama asalivyo kwao, na Ramadhani atafunga.

Hapo ndipo itokeapo mas-ala iliyo nzito kuliko hizo, nayo ni ya Ijumaa. Wanafunzi wakiwa wengi hupenda kuswalishana Ijumaa humo humo chuoni, katika chumba walichopewa, ili wasipoteze wakati. Lakini katika madhehebu ya Shafi'i sala ya Ijumaa haiswihi illa wawepo wanaume 40 walio wenyeji wa mahali hapo, wasiohama kiangazi wala masika illa kwa haja. Mwanafunzi ni mkaazi, si mwenyeji, kwani nia yake ni kurudi kwao. Ijumaa yamlazimu, lakini yeye hahesabiwi katika wale 40. Basi wanafunzi 100 katika chumba chao, ikiwa hapana wenyeji pamoja nao, kwa kauli ya madhehebu hawakusali Ijumaa. Wako wanavyuoni wa madhehebu mengine, kama Mahanafi, wasioshurutisha idadi hiyo, wala hapana haja ya kugombana nao. Ila mlezi mwenye busara ataiona hekima iliyo ndani ya kauli ya Shafi'i, nayo ni kwamba mwanafunzi hana budi kutoka chuoni, aende msikiti wa mji, akae safu moja na mkulima wa mpunga na muuza samaki. Huko ndiko atakakojulikana. Siku atakapougua, au atakapofiwa, au atakapokosa chakula, wenyeji wa mji watakuwa wamekwisha mwona uso. Chumba cha chuoni chafaa kwa sala tano na kwa darasa za jioni. Kikigeuzwa kuwa kisiwa cha wanafunzi peke yao, hudhuru.

Na mtihani ukiwekwa Ijumaa saa saba mchana? Vijana wenye jazba hupenda kuandika barua kali siku mbili kabla ya mtihani. Barua hiyo haifai kitu, kwani ratiba imekwisha pigwa chapa. Mlezi ajuaye kazi yake huenda kwa wakubwa wa chuo mwanzo wa mwaka, kabla ratiba haijatungwa, kwa adabu na maneno machache, akaomba saa moja tu ya Ijumaa iachwe wazi. Mapadri na masista ni watu wanaojua ibada ni nini, na ombi la mtu wa ibada hulielewa upesi kuliko ombi la mtu wa siasa. Na wao wakiwa na misa katika sherehe ya chuo, mwanafunzi Mwislamu atakaa kwa heshima wala hatashiriki katika ibada yao, na hayo yaelezwe mapema pande zote mbili ili pasiwe na mtu wa kuona ametukanwa.

Wodini mas-ala ni mengi, na hapa ndipo mtu asiyejua hospitali, hata akiwa na kilemba kikubwa, hushindwa kusaidia. Kijana wa Kishafi'i amefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mwanamume akigusa ngozi ya mwanamke asiye maharimu wake, udhu wa wote wawili umetanguka. Sasa yuko wodini, apima mapigo ya moyo ya wanawake 20 kabla ya adhuhuri. Husema moyoni: hakuna sala hapa. Mlezi amwambie kwamba kilichotajwa ni ngozi kwa ngozi, na akivaa glavu pana kizuizi, udhu wake u palepale. Pasipo glavu atatawadha upya, na kutawadha ni kazi ya dakika tatu. Damu ya mgonjwa ikimrukia haivunji udhu, lakini ni najisi katika nguo. Kidogo kimesamehewa, na kingi hakisamehewi. Basi na awe na kanzu safi au shuka iliyokunjwa ndani ya mkoba wake, aivae asali, airudishe. Kumtazama mgonjwa mahali palipofichwa kumeruhusiwa kwa dharura ya matibabu na kwa kadiri ya dharura hiyo, na mwanamke akiwapo mganga mwanamke amtazame huyo kwanza.

Upasuaji nao waweza kuanza kabla ya adhuhuri ukaisha jua limekwisha kuelekea kutua. Mashuhuri katika madhehebu ni kwamba kuchanganya sala mbili kumeruhusiwa kwa safari na kwa mvua. Lakini Imamu Nawawi aliitia nguvu kauli ya kuruhusu kwa ugonjwa, naye akataja kwamba wako maimamu, kama Ibn Sirin, na al-Qaffal katika Mashafi'i, walioruhusu kwa haja mtu asipoifanya kuwa mazoea. Msingi wao ni khabari ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kuchanganya akiwa Madina pasipo khofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu alieleza kuwa ni kuwaondolea umma uzito. Mwanafunzi aliyeshika mkono ndani ya tumbo la mtu aliye hai ana haja kubwa kuliko hiyo ya mvua. Lakini mlezi atie mkazo katika lile sharti: isiwe mazoea. Kwani siku nyingi za wodini zina nafasi ya rakaa nne, na anayekosa nafasi hiyo kila siku huwa hakuitafuta. Vivyo hivyo katika Ijumaa: anayemwuguza mgonjwa ambaye hana mwingine wa kumtazama amesamehewa kwenda, naye atasali adhuhuri. Aliye na mwenzake wa kumshikia zamu hana udhuru.

Wengine hutaabishwa na kupasua maiti katika darasa, kwani wamefundishwa kwamba maiti wa binadamu ana heshima kama aliye hai. Baraza la Fikihi la Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1987, lilitoa uamuzi kwamba yajuzu kupasua maiti kwa ajili ya kufundisha udaktari, kwa masharti: ipatikane idhini, isizidi kadiri ya haja, na maiti wa kike apasuliwe na waganga wa kike illa wasipopatikana. Kijana akiyajua hayo atashika kisu chake kwa adabu, bila ya mzaha, wala hataota ndoto mbaya usiku.

Ramadhani ina mambo yake. Bonde la Kilombero ni nchi ya mbu, na mwanafunzi mwenye homa ya malaria aruhusiwa kula, na dawa yake aimeze kwa wakati wake. Kuna vijana wanaoona aibu kula mbele za wenzao, wakafunga na homa hata wakaanguka. Hilo si katika utawa. Na kwa upande wa wagonjwa mlezi huwa daraja baina ya daktari na nyumba za Waislamu. Mama mwenye kisukari atumiaye sindano husikia kwa daktari kwamba asifunge, akafunga kwa siri, kwa kuwa daktari si wa dini yake. Akisikia maneno yale yale kwa sheikh, pamoja na hukumu ya fidia, husadiki. Madaktari wasio Waislamu wakishaliona hilo mara moja, mara ya pili wao wenyewe ndio watakaomtafuta sheikh.

Yako mambo mengine ambayo hayasemwi mbele za watu. Kijana ameshindwa mtihani mara mbili, naye hathubutu kumwandikia baba yake aliyeweka minazi rehani. Mwingine amechukua mkopo wa Bodi ya serikali, na usiku halali kwa kufikiri kwamba amekula riba. Huyo aelezwe kwamba ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikiongezwa juu ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na kilichobaki ni kujitahidi kulipa alichokopa. Mwingine ameingia katika zinaa, naye adhani mlango umefungwa. Mlezi asiyeweza kuficha siri na aiache kazi hii tangu leo. Yeye si mpelelezi wa wazazi wala wa chuo, na akipeleka khabari ya mmoja, wa pili hatamjia kamwe. Kumsitiri Mwislamu kuna thawabu inayojulikana. Na akiona kijana hali wala hazungumzi, naye asema maneno ya kutamani kufa, asimnyweshe kombe akatosheka. Amsomee, ndiyo, na mkono wake umpeleke kwa daktari siku ile ile, kwani kisomo hakikukatazwa pamoja na dawa, wala dawa haikukatazwa pamoja na kisomo.

Wasichana nao wapo, na wengine ni mabinti wa pwani. Mlezi mwanamume asikae nao faragha. Atafute mwanamke mwenye ilimu katika mji, mke wa sheikh au mwalimu wa madrasa, awe mlango wao. Mzee wa pwani aulizapo juu ya chuo ampelekacho bintiye, na aulize kwanza jina la mwanamke huyo.

Imebaki kazi moja ambayo watu wachache huihesabu, nayo labda ndiyo kubwa. Hospitali ya Ifakara hupokea wagonjwa kutoka mbali: Mlimba, Malinyi, Mahenge na vijiji vya ng'ambo ya mto. Zamani walivuka kwa kivuko na mitumbwi, mpaka daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018. Wengine hufika peke yao, au na mtoto mdogo asiyejua la kufanya. Mwislamu akikata roho usiku katika wodi ya watu 30, muuguzi wa Kikristo atafanya kila alilofundishwa kwa wema, atamfunika shuka, lakini hatajua kumwelekeza kibla wala kumtamkia shahada taratibu sikioni pasipo kumhimiza. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, ambaye yuko zamu, ajua. Mlezi aliyewafundisha wanafunzi wake jambo hili moja, kila wodi ya hospitali ina mtu wake usiku na mchana, na hapana mshahara uliolipwa. Aende pia kwa mkuu wa wauguzi, amwachie namba yake ya simu, amwombe amwite kila akifa Mwislamu asiye na jamaa. Awafundishe vijana wanaume kuosha wanaume, na wasichana kuosha wanawake: kwamba faradhi ni kueneza maji mwilini mara moja, na mara tatu ni suna. Na aliyekufa kwa maradhi ambayo madaktari wamekataza kuoshwa, au aliyeungua hata ngozi yatoka, atayamamiwa, akakafiniwa, akasaliwa kama wengine. Katika hilo amri ya daktari ifuatwe, wala watu wa msikitini wasigombane naye mlangoni pa chumba cha maiti.

Jamaa wa marehemu wakiwa Malinyi, nao hawana nauli ya kuusafirisha mwili, wenyeji wa Ifakara ndio watakaomzika. Na hapo huonekana tena faida ya ile safu ya Ijumaa, kwani kaburi halichimbwi na mwanafunzi mmoja.

Wazee wa pwani huuliza: gharama hizi atalipa nani? Pwani ilipata kutuma walimu bara kabla ya kuwapo reli. Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, aitwaye Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, mwenyewe alifika pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na wanafunzi wake wakaieneza bara. Walikwenda na mikeka yao. Leo haitakiwi misafara, yatakiwa posho ya mtu mmoja. Lakini hapa pana mas-ala, na yafaa itazamwe kabla ya kuchanga. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji ilipowajibikia na hali wapo wenye kustahiki humo, na katika kila mji wa pwani wapo. Basi zaka ya Tanga ibaki kwa maskini wa Tanga, illa kwa mwenye kumfuata mwanachuoni anayeruhusu kuihamisha. Kijana fukara aliyeko Ifakara atapewa katika zaka ya matajiri wa Ifakara, kwa ufukara wake, na mlezi ndiye awajulishe. Kitakachopelekwa kutoka pwani kiwe sadaka, au wakfu: kodi ya chumba kimoja cha duka ikiandikwa wakfu kwa kazi hii, na mwangalizi akatajwa katika hati mbele ya mashahidi, yatosha posho ya mlezi bila ya kuchangisha kila mwaka. Na katika vitu, vinavyohitajiwa mapema ni sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, zikae katika sanduku karibu na hospitali pamoja na karafuu maiti, kwa kuwa maduka ya nguo hufungwa usiku.